Nani Amekata Mkia wa Neno?



Mwezi uliopita, katika darasa la jioni la watu wazima, mama mmoja wa kwetu Kivu aliingia amechelewa. Akasimama, akaomba radhi: "Munisamehe, minatoka ku soko." Mwalimu akamkatiza. "Sokoni, mama. So-ko-ni." Kisha akaligeukia darasa zima akatoa hotuba fupi. Alisema Kiswahili cha Wakongo kimekatwa mikia. Alisema lugha yenye heshima haiachi mwisho wa neno udondoke ovyo. Akatoa mfano: tazameni Kiarabu cha Kurani, karne kumi na nne na irabu za mwisho bado zimesimama mahali pake. Na Kiswahili safi cha pwani, akasema, kimerithi adabu hiyo hiyo, maana Mwarabu anasema *kitabu* na sisi tunasema *kitabu*. "Lakini ninyi," akamalizia, "mnakata tu."

Watu wakacheka. Na mimi nilikuwemo, na nilicheka kidogo, ile ya kuogopa kuonekana. Mama akakaa. Tangu siku ile hajarudi darasani.

Mwalimu huyu ni rafiki yangu. Tumekunywa naye chai mara nyingi, na anajua kwamba ninaandika haya. Simtaji jina kwa sababu ugomvi wangu si na mtu, ni na lile wazo. Wazo lenyewe si lake peke yake. Liko kwenye foleni ya maji, liko katika ofisi za mahojiano, liko vichwani mwetu sisi Wakongo wenyewe. Wazo ni hili: lugha iliyopoteza miisho ya maneno imeharibika, na mtu anayeisema ameharibika nayo kidogo.

Mimi si profesa. Kabla vita havijanitoa nyumbani nilisoma teolojia miaka miwili, na humo tukafundishwa Kiebrania. Mengine nimeyapata hapa hapa kambini, kwa kukaa na ustadhi mmoja kutoka Sudan na shemasi wa kanisa la Waethiopia anayesoma Kigeezi. Kwa hiyo nitamjibu rafiki yangu kwa ushahidi wa lugha zile zile alizozitaja yeye, na za ndugu zake wa kale. Lugha hizo zinaitwa za Kisemiti: Kiarabu, Kiebrania, Kiaramu, Kigeezi, na zile zilizokufa zamani kama Kiakadi cha Babeli.

Kwanza nimpe haki yake

Anachokisema kuhusu Kiarabu kina ukweli mkubwa, na ni vizuri wasiosoma madrasa wakielewe. Katika Kiarabu fasihi nomino hubadilisha mwisho wake kufuatana na kazi yake katika sentensi. Mtu akiwa ndiye mtenda, ni *rajulun*. Akiwa ametendwa, ni *rajulan*. Kitu kikiwa chake, au akitanguliwa na neno kama "kwa" au "katika", ni *rajulin*. U, a, i. Vokali tatu tu, na kwa hizo msikilizaji anajua nani amempiga nani hata kama maneno yamepangwa kinyume.

Mpango huu wenyewe Waarabu wanauita *i'rab*. Hebu simama hapo kidogo. Neno letu la Kiswahili *irabu*, lile ambalo kila mwalimu wa darasa la kwanza analitamka anapofundisha a-e-i-o-u, limetoka hapo. Tumelichukua jina la miisho hiyo tukaliita vokali zote. Rafiki yangu analitumia kila siku.

Tena mpango huu ni wa kale kuliko Kiarabu tunachokijua. Katika Kiakadi mfalme mtenda ni *sharrum*, mfalme mtendwa ni *sharram*, cha mfalme ni *sharrim*. Ni u, a, i zile zile, na m mwishoni pale Mwarabu anapoweka n. Hammurabi wa Babeli alichonga sheria zake katika jiwe jeusi karibu miaka 3,800 iliyopita. Baadaye jiwe hilo likaporwa na wavamizi, likapelekwa Susa, katika nchi inayoitwa leo Iran. Wafaransa wakalifukua huko mwaka 1901, na sasa liko Paris. Jiwe nalo lina historia ya kuhamishwa.

Sheria ya kwanza kabisa katika jiwe hilo inahusu mtu anayemshtaki mwenzake kwa mauaji halafu anashindwa kuthibitisha. Adhabu ya mshtaki huyo ni kifo. Katika sheria hiyo watu wote wawili wanaitwa kwa neno moja, lenye maana ya mtu huru. Mmoja ni *awilum*, mwingine ni *awilam*. Yule mwenye -um ndiye aliyeshtaki, yule mwenye -am ndiye aliyeshtakiwa. Kati ya hao wawili, anayehatarisha shingo yake anajulikana kwa vokali moja. Kwa hiyo mtu asiniambie nimekuja kudharau miisho ya maneno. Nitaonyesha kinyume chake.

Sasa kosa la kwanza: kitabu

Rafiki yangu anasema -u ya *kitabu* ni urithi wa *kitabu-n* ya Kiarabu, ile alama ya mtenda. Wazo hili ni tamu na nimelisikia kwa wasomi pia. Lakini lipime. Kama tungekuwa tumerithi alama ya mtenda, basi maneno yote tuliyochukua yangekuwa na -u. Tungesema *safaru*, *rafiku*, *waziru*, *bahru*. Hatusemi hivyo. Tunasema *safari*, *rafiki*, *waziri*, *bahari*. Je, tutasema kwamba babu zetu walichukua kitabu kikiwa kimetenda, na rafiki akiwa amemilikiwa?

Ukweli ni rahisi. Waarabu tuliofanya nao biashara hawakuwa wanasema -u wala -i mwishoni katika mazungumzo ya kawaida. Walisema *kitab*, *safar*, *rafiq*. Sisi, ambao lugha yetu haipendi neno liishie kwenye konsonanti, tukaongeza vokali yetu wenyewe. Sauti ya mwisho ikiwa ya midomo, kama b, m au f, mara nyingi tukaweka u: *kitabu, sababu, adabu, dhahabu, kalamu, elimu, hakimu, hofu*. Ikiwa sauti nyingine, mara nyingi tukaweka i: *tajiri, hatari, shetani, wakati, asali*. Yapo maneno yanayokaidi, kama *dhambi* na *herufi*, lakini njia kuu ndiyo hiyo.

Kama bado huamini, angalia maneno ya Kiingereza. Film imekuwa *filamu*. Bomb imekuwa *bomu*. Club imekuwa *kilabu*. Bus imekuwa *basi*, bank imekuwa *benki*, shirt imekuwa *shati*. Ni mdomo ule ule na kanuni ile ile. Au filamu nayo iko katika hali ya mtenda?

Kwa hiyo Kiswahili cha pwani hakikurithi miisho ya Kiarabu. Kilipokea maneno ambayo mikia ilikuwa imeshaanguka, kikayashonea mikia ya kwake. Na ni sawa kabisa. Hiyo ndiyo kazi ya lugha.

Kosa la pili: eti anayepoteza miisho ameharibika

Turudi Babeli. Karne zilivyosonga, ile -m ya mwisho ilidondoka. Kisha zile vokali zenyewe zikaanza kuchanganyikana, hata katika karne za mwisho za Babeli waandishi wa barua waliweka u mahali pa a na i mahali pa u, kwa sababu mdomoni hazikuwa na kazi tena. Ulikuwa wakati gani huo? Ulikuwa ni pamoja na wakati wa Nebukadneza, yule yule wa Biblia aliyetawala kuanzia mwaka 605 hadi 562 KK, aliyebomoa Yerusalemu na kuchukua watu uhamishoni. Babeli ilikuwa na nguvu kama hizo huku mikia ya maneno yake ikiwa imelegea. Nguvu ya watu haikai kwenye vokali ya mwisho.

Kiebrania nacho. Hapo zamani palikuwa na kitu kama *malku*, mfalme. Mwisho ukaanguka, ikabaki *melek*. Manabii wote walihubiri katika lugha iliyokuwa imeshapoteza mikia hiyo, na sijasikia mhubiri yeyote wa kambi hii akilalamika kwamba Isaya alisema Kiebrania kilichovunjika. Mabaki machache yapo. Fungua Mwanzo sura ya 32 utaona mahali pamoja panaitwa Penieli katika aya moja na Penueli katika inayofuata. Wako wataalamu wanaoona katika i na u hizo mfupa wa miisho ya kale.

Na hapa niseme jambo ambalo mimi mwenyewe nilifundishwa vibaya. Kiebrania kina mwisho wa *-ah* unaoonyesha kuelekea mahali. *Shamayim* ni mbingu, *shamaymah* ni kuelekea mbinguni. Ni kama -ni yetu ya *sokoni*. Vitabu vya zamani vilisema kwamba hayo ni mabaki ya ile -a ya mtendwa. Tukakariri hivyo. Lakini mwaka 1929 wachimbaji walianza kufukua mji wa Ugarit, pale Ras Shamra, pwani ya Siria, wakakuta mabamba ya udongo yenye alfabeti ya alama 30. Katika lugha hiyo mwisho wa kuelekea mahali unaandikwa kwa h kamili, *shmmh*. Maana yake ni kiambishi kingine kabisa, si -a ya mtendwa. Walimu wa walimu wetu walikuwa na uhakika, na udongo ukawasahihisha. Basi mtu akikwambia kwa uhakika mkubwa mkia fulani umetoka wapi, mwulize kama amechimba.

Ugarit hiyo hiyo inaonyesha kitu kizuri. Waandishi wake hawakuandika vokali, isipokuwa walikuwa na alama tatu tofauti kwa ile sauti ya kooni, moja ikiwa na a, moja na i, moja na u. Neno la kiti cha enzi liliishia kwa sauti hiyo. Kwa hiyo katika mabamba yao tunaweza kuona kwa macho *ksu*, *ksa*, *ksi*, kiti kikiwa katika kazi zake tatu. Mji huo uliteketea mwanzoni mwa karne ya 12 KK na haukujengwa tena kuwa kama ulivyokuwa. Miisho yao ilikuwa kamili. Haikuwaokoa.

Halafu Kiaramu. Kiaramu kiliacha miisho hiyo kikajitengenezea mkia mwingine wenye kazi nyingine: *malka*, "yule mfalme". Wafalme wa Uajemi walipotafuta lugha ya kuendeshea ofisi za dola yao kubwa, walichukua hicho. Huko Misri, katika kisiwa cha Elephantine ndani ya mto Nile, waliishi Wayahudi walinzi wa mpaka, wageni katika nchi ya watu. Wametuachia mikataba ya ndoa, ya nyumba, ya mikopo, yote kwa Kiaramu. Hekalu lao lilipobomolewa waliandika malalamiko, na mwaka 407 KK wakampelekea barua gavana wa Yuda kuomba lijengwe upya. Barua inaeleza waziwazi nani alibomoa, nani aliamuru, nani aliumizwa. Haina -u, -a, -i hata moja ya kuonyesha mtenda na mtendwa, na bado haina utata. Mpangilio wa maneno na viunganishi vilifanya kazi hiyo.

Kigeezi kilifanya kitu cha katikati. U na i zilififia, a ikabaki. *Negus* ni mfalme, *negusa* ni mfalme aliyetendwa. A hiyo hiyo inaunganisha pia kitu na mwenyewe, kama katika *beta kristiyan*, nyumba ya Wakristo, yaani kanisa. Majirani zetu Waethiopia wanalitaja neno hilo kila Jumapili. Baadaye Kiamhari kikaiacha hiyo -a na kumtambulisha mtendwa kwa mkia mwingine, *-n*. Kitigrinya kikachukua njia nyingine, kikaweka alama *ne-* mbele ya neno. Shemasi aliponieleza hayo alicheka: "Mama mmoja, watoto wawili. Mmoja anafunga mzigo nyuma, mwingine mbele." Na hakuna Mwethiopia aliyewahi kumwambia Mweritrea kwamba amekata mkia. Wanagombana kwa mengine, si kwa hilo.

Na Kiarabu chenyewe? Ustadhi wangu alinikumbusha jambo ambalo kila mtoto wa madrasa analijua: msomaji anapofika kwenye kituo, vokali ya mwisho haisomwi. Anasimama kwenye konsonanti. Kuangusha mkia mahali pake ni sehemu ya kanuni za usomaji. Na nje ya kisomo, sokoni Khartoum, Cairo au Baghdad, hakuna anayeulizia bei ya nyanya kwa u, a, i. Kiarabu cha Juba ambacho ndugu zetu wa Sudan Kusini wanakisema hapa kambini hakina hata moja, na kwacho watu wanaoa, wanazika na kupatanishana.

Ku soko na sokoni

Sasa turudi kwa mama na soko lake. Ni kweli, hakusema -ni. Alisema *ku*. Lakini *ku* imetoka wapi? Mwulize Mnyarwanda: *ku isoko*, *mu nzu*. Mwulize Mganda: *mu nnyumba*. Viambishi vya mahali *pa-*, *ku-* na *mu-* ni mali ya kale ya lugha za Kibantu, vya kale kuliko hiyo -ni ya mwisho. Pwani ndiyo iliyoviondoa mbele ya nomino ikaweka -ni nyuma. Lakini haikuvisahau, vimejificha kwenye maneno yanayofuata: nyumbani *mwangu*, nyumbani *kwangu*, nyumbani *pangu*. Hizo m, k na p zinakumbuka kilichokuwepo.

Basi nani amekata nini? Ukitaka kuhesabu kwa umri, mama alikuwa na lugha ya zamani kuliko mwalimu. Sisemi kwamba kwa hiyo yeye ndiye bora. Nikisema hivyo nitakuwa nimeanguka shimo lile lile. Nasema tu kwamba kicheko hakikuwa na msingi.

Mkia nilioukata mimi

Najua atakavyonijibu, maana ameshanijibu kwenye chai. Atasema: "Husimuliwa kwamba Abu al-Aswad al-Du'ali alimsikia mtu akisoma aya ya tatu ya Surat Tawba, akaweka i mahali pa u katika neno moja, na kwa i hiyo maana ikageuka: badala ya Mungu na Mtume wake kujitenga na washirikina, ikawa Mungu anajitenga na washirikina na Mtume wake pia. Akaogopa, akaanza kutia nukta za rangi kwenye herufi ili watu wasikosee. Sasa utasemaje miisho si kitu?"

Sijasema si kitu. Nakubaliana na Abu al-Aswad kwa asilimia mia. Mwisho wa neno unaweza kubeba maisha ya mtu. Ndiyo sababu naandika.

Kiswahili chetu cha Kongo kina mwisho ambao Kiswahili sanifu hakina. Ni *-ka*, au *-aka*. *Anakula* ni anakula sasa. *Anakulaka* ni mazoea yake, hula mara kwa mara. Lingala inao. Wanyarwanda na Warundi wana *-ga* yao, na Watanzania wengi mitaani wanasema *naendaga* huku walimu wao wakiwapigia kelele. Ni mkia wa kale wa Kibantu. Si uchafu ulioingia juzi.

Miaka kadhaa iliyopita nilifanya kazi ya ukalimani. Siku moja nilikaa kati ya afisa na mama mmoja, si yule wa darasani, mwingine. Alieleza kuhusu watu wenye silaha: "Balikuwaka banakuya usiku, banabebaka mbuzi, banapigaka baba." Yaani walikuwa wakija usiku, tena na tena, wakibeba mbuzi, wakimpiga baba. Ulikuwa mtindo wa miezi.

Mimi nikamwambia afisa kwa Kiingereza: walikuja usiku, wakachukua mbuzi, wakampiga baba. Mara moja.

Kwa nini? Nilikuwa ninaielewa -ka, nimezaliwa nayo. Lakini nilikuwa nimechekwa sana kwa sababu ya Kikongo changu, na pale kwenye kiti cha mkalimani nilikuwa na tabia ya kukisafisha kwanza Kiswahili cha mtu kichwani mwangu, kiwe sanifu, ndipo nikitafsiri. Nikasafisha *banakuyaka* ikawa *walikuja*. Nikatupa -ka pamoja na takataka. Sikufikiri hata sekunde moja.

Katika mahojiano ya pili alikuwepo mkalimani mwingine, kijana makini. Yeye akatafsiri vizuri: walikuja usiku mwingi, muda mrefu. Wakalinganisha karatasi mbili. Ya kwanza inasema usiku mmoja, ya pili inasema mwingi. Mama akaandikiwa kwamba maelezo yake hayaafikiani.

Yeye hakujipinga hata kidogo. Alisema neno lile lile mara zote mbili, na mkia wake ukiwa mzima. Aliyeukata ni mimi. Nimeandika barua kukiri hivyo. Barua imepokelewa na kupigwa muhuri. Mama anasubiri hadi leo, na kila nikipita mlangoni kwake ananikaribisha, jambo ambalo ni zito kuliko kama angenitukana.

Hapo ndipo wazo la "Kiswahili kilichovunjika" linapofika mwisho wa safari yake. Linaanza na kicheko darasani, linaishia kwenye faili. Mtu akiamini kwamba lugha fulani ni uchafu, hatausikia mkia wake hata ukibeba ushahidi. Msomaji wa aya ile hakujua irabu sahihi ni ipi. Mimi nilijua, nikaona aibu. Kosa langu ni kubwa zaidi.

Ninachotaka

Kwa mashirika: fomu zenu zina kisanduku kimoja kilichoandikwa "Kiswahili". Ongezeni mstari mmoja: cha wapi? Mtu wa Uvira, mtu wa Lubumbashi na mtu wa Mombasa hawahitaji mkalimani yule yule. Gharama yake ni wino kidogo. Na pale mtu anapoeleza alichofanyiwa, mkalimani aandike kwanza neno lake kama alivyolitamka, kabla ya tafsiri, na aulize waziwazi: ni mara moja au mara nyingi?

Kwa wakalimani wenzangu: acheni kusafisha. Kazi yetu ni kuvusha kilichosemwa. Mkisikia -ka, isemeni.

Kwa walimu: fundisheni Kiswahili sanifu, tena kwa bidii. Mtoto anakihitaji kwenye mtihani, mtu mzima anakihitaji kwenye barua. Sijawahi kupinga hilo na sitapinga. Ninachopinga ni kukifundisha kwa kumvua mtu nguo mbele za watu. Kumbukeni Sibawayh. Alikuwa Mwajemi, Kiarabu hakikuwa lugha ya mama yake. Husimuliwa kwamba akiwa mwanafunzi Basra alisahihishwa mbele ya wenzake kwa sababu ya irabu moja ya mwisho, u mahali pa a, akaapa kusoma elimu ambayo hakuna atakayemkosoa tena ndani yake. Alipofariki, karibu mwaka 796, aliacha kitabu kikubwa cha sarufi ya Kiarabu ambacho watu wanakiita tu *al-Kitab*, kana kwamba hakuna kingine. Mgeni aliyekosea mwisho wa neno ndiye aliyewaandikia wenyeji sarufi yao. Lakini yeye alirudi darasani. Wangapi wetu tumewacheka na hawakurudi?

Kwa rafiki yangu: Alhamisi jioni nitapita kwako tuende wote kwa yule mama. Huna haja ya kuomba msamaha mrefu, mwambie tu nafasi yake ipo. Akirudi, andika ubaoni *ku soko*, na kando yake *sokoni*. Muulize ustadhi alete irabu zake tatu, shemasi alete -a yake. Somo la siku hiyo lianzie hapo, na mimi nitakaa nyuma na daftari langu.